Mwezimngu na Lugha ya Nyumbani

Katiba ya Komoro ya 2001 ilitaja lugha rasmi tatu: Kikomoro, ambacho wenyewe hukiita Shikomori, Kifaransa na Kiarabu. Mtoto wa kisiwa cha Ngazija hazipati kwa mizani sawa. Shioni, yaani chuoni, mwalimu aitwaye fundi humwanzishia alifu na be. Skuli ya serikali humpokea kwa Kifaransa. Lugha anayomwitia Mwezimngu, Mwenyezi Mungu, anaposhikwa na hofu usiku, ndugu wa damu wa Kiswahili chetu, wengi huzeeka bila kuiandika. Hapo ndipo huota mizizi dhana kwamba kuna lugha ya ibada, kuna ya cheo, na kuna ya kusemea jikoni tu. Dhana hiyo naipinga kwa hoja ya dini yenyewe. Aya ya 4 ya Sura ya Ibrahim inafundisha kwamba mitume walitumwa kwa lugha za kaumu zao ili ujumbe ubainike, na Sura ya Rum, aya ya 22, inazihesabu ndimi mbalimbali kuwa ishara za Muumba. Ishara ya Mungu haidharauliwi. Na kama mja ataulizwa aliyoyatenda, basi ana haki ya kufahamishwa aliyoamrishwa.

Wapo watakaosema Wakomoro ni Mashafii, na Imamu Shafii alisisitiza kila Mwislamu ajifunze Kiarabu kadiri awezavyo. Ni kweli, na sala haisaliwi kwa tafsiri. Lakini kusoma ni jambo moja, kufahamu ni jingine. Utukufu wa maneno yaliyoteremshwa haukuwekwa ili umfunge mdomo anayeyaeleza. Tunao ushahidi nyumbani kwetu. Tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ilitoka kamili 1969, Kiarabu kikiwa palepale kando ya Kiswahili, na hakuna msikiti wa pwani ulioacha Kiarabu kwa sababu yake. Wengine watasema lahaja za visiwa zinatofautiana, uandishi wenyewe haujatulia. Hoja hii ina uzito zaidi, ila Kiswahili nacho kilikuwa na Kimvita, Kiamu na Kiunguja kabla ya kusanifiwa, na hakikungoja zipatane ndipo kitungiwe tenzi za dini. Fundi wa shioni anapotaka mtoto aelewe, tayari humweleza kwa Kikomoro. Enyi masheikh wa Komoro, maelezo hayo yaandikeni.