Kalinzi ao bwasa: udongo wa parseli yetu ni wa nani?

Mwenye kuamka mapema mu Cimpunda anajua sauti ya ufagio. Mbele ya kuwasha makala, mama ao binti anafagia kiwanja mpaka udongo unabaki mtupu, bila jani hata moja. Wazee walitufundisha kwamba kiwanja kilichofagiwa ni heshima: nyoka anaonekana, mgeni anapokelewa vizuri. Majani yakiota mbele ya mlango, batu banasema: « Mu hii nyumba hakuna mutu. »

Mimi pia nilikuwa wa imani hiyo. Parseli niliyonunua ilikuwa na gazoni ndogo ya pasipalumu, na mistari ya mubirizi kando ya mpaka. Kiangazi kimoja niliing'oa yote. Nilihitaji nafasi ya chumba cha kupangisha, na minervali ya watoto haingojei. Nafasi iliyobaki tukawa tunaifagia kila asubuhi. Mwezi wa tisa mvua kubwa ya kwanza ikabeba udongo wangu mpaka kwa jirani wa chini, mama mjane, na ukuta wa jikoni yake ukaanguka usiku. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe. Asubuhi alikuja, hakupiga kelele. Alisema tu: « Mwalimu, udongo yako iko kwangu. Kuya uichukue. »

Nilikosa jibu. Tangu siku ile ninajiuliza: je, mtu anaweza kusema « parseli ni yangu, nafanya vile ninapenda », wakati maji yake yanaishia mu nyumba ya mwingine?

Tuulize kwanza desturi. Mu Bushi, mtu hakununua ardhi kama vile tunanunua sukari. Alitoa kalinzi, mara nyingi ng'ombe, kwa Mwami ao kwa mkubwa aliyemwakilisha, mbele ya mashahidi. Hapo alipata haki ya kukaa, ya kupanda migomba na miti, na ya kuwaachia watoto. Lakini hakuwa mwenye ardhi peke yake: juu yake kulikuwa Mwami, nyuma yake wazee, mbele yake wajukuu. Kulikuwa pia bwasa. Mtu wa bwasa aliazima shamba kwa muda tu. Alipanda maharagi, mahindi ao mtama, akavuna, akarudisha. Migomba hapana, kwa sababu mgomba unakaa, na mwenye kuupanda anaonyesha kwamba na yeye atakaa.

Nisidanganye wasomaji kwamba zamani yote ilikuwa haki. Mwanamke alilima sana, lakini kwa kawaida kalinzi haikuandikwa kwa jina lake, na maskini alibaki chini ya mkubwa. Hata hivyo wazo moja linabaki la kweli: kupewa ardhi ni kupewa mzigo pia. Hata sheria ya 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo ni mali ya Serikali, na mtu anapata haki ya kuutumia. Kwa hiyo, tukifuata mila ao karatasi, hakuna anayeweza kusema udongo ni wake kabisa.

Sasa tuangalie kilima chetu. Bukavu inapata mvua karibu miezi tisa, tangu Septemba mpaka Mei. Bati ya mita 8 kwa 5, mvua ya milimita 25 ikinyesha, inatoa litre 1 000 za maji. Uhesabu sasa nyumba zote zilizobanana tangu juu mpaka chini. Pale Funu, jirani zetu, ardhi yenyewe inatembea polepole na nyumba juu yake. Na udongo unaotoka kwetu haupotei: unashuka mu mito kama Kawa, unafika mu Ziwa Kivu.

Basi kutunza kiwanja ni kufuata majira. Mwezi wa saba na wa nane, kungali vumbi, ndio wakati wa kuzibua mifereji na kuchimba shimo la takataka za jikoni, ili zioze ziwe mbolea. Tusichome majani makavu. Kwa wazee wetu maganda, majivu na mavi ya mifugo vilirudi ku migomba, ndiyo sababu shamba la karibu na nyumba lilikuwa na rutuba. Mvua ikianza, tupande lengalenga na mateke, mistari ikikata mteremko, isishuke nao. Ku mpaka, tupande matete ao mubirizi. Gazoni tuikate kwa panga, tukibakisha kimo cha vidole vine, maana mizizi ndiyo inashika udongo. Na pipa chini ya bati: maji yale yatasaidia mboga mu siku za jua.

Mpangaji ataniambia: « Mwalimu, mimi nalipa kila mwezi. Nipandie mwenye nyumba majani ya nini? » Swali lake ni la haki. Wengi walikuja hapa wakikimbia vita, tangu 1996, na hawajui watalala wapi mwaka ujao. Lakini hata mtu wa bwasa alirudisha shamba likiwa shamba, sababu bila hiyo nani angemuazima tena? Kuhusu mwenye nyumba, ninasema wazi: akipata pesa za upangaji, mifereji na mizizi ni deni lake yeye kwanza. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mimi nilijenga ukuta. Nilirudisha udongo kwa karai, nikasaidiana na watoto wa yule mama kusimamisha jikoni, siku tatu. Kisha nikapanda tena pasipalumu na mubirizi. Miche ya mubirizi ni yeye mwenyewe aliyenipa. Chumba cha kupangisha kimebaki, maana minervali nayo imebaki, lakini maji ya bati yake yanaingia mu pipa.

Kwetu bado tunafagia kila asubuhi. Tunafagia njia ya kufika ku mlango. Pembeni majani yanabaki, na mgeni akiuliza kama mu hii nyumba kuna mutu, ninamwonyesha jikoni ya chini.