Mgeni Hahesabiwi

Ilikuwa kaya ya nne siku hiyo, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kilwa, na nilikuwa nimechoka kiasi cha kusoma maswali bila kuyasikia. Mimi ni mdodosaji wa msimu. Mradi ukija napewa mafunzo ya siku chache, kishikwambi, kizibao chenye nembo na orodha ya kaya zilizochaguliwa. Mradi ukiisha narudi Dar es Salaam kusubiri mwingine.

Dodoso huanza na orodha ya wanakaya. Unamuuliza mkuu wa kaya ni nani wanaishi hapa, kisha kwa kila jina unajaza umri, jinsi, elimu na uhusiano. Katika mradi ule, mwanakaya alikuwa mtu aliyeishi pale miezi sita au zaidi, au aliyekuja kwa nia ya kukaa. Asiyekuwa na sifa hizo aliitwa mgeni. Ukibonyeza "mgeni", kishikwambi kinamruka na kukupeleka kwa mtu anayefuata.

Uani alikuwepo bibi mmoja, ameketi mkekani, anachagua mchele kwenye ungo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba. Zamu yake ilipofika kwenye orodha, mkuu wa kaya alisema, "Huyo ni mgeni tu." Nikabonyeza. Tukaendelea na vyumba, choo, chanzo cha maji, kuku, mbuzi, milo ya jana. Nilipokuwa nafunga mkoba, bibi akainua uso.

"Mjukuu wangu, mimi huniulizi?"

"Samahani bibi," nikamjibu. "Wageni hawamo."

Akacheka kidogo, akarudi kwenye mchele wake. Mimi nikapanda bodaboda kwenda kaya ya tano.

Wiki ile nilikuwa nasoma riwaya kwenye simu, usiku, chini ya chandarua cha nyumba ya kulala wageni. Ilikuwa tafsiri ya Kiingereza ya Solaris, ambayo Stanisław Lem wa Poland aliichapisha mwaka 1961. Niliichukua nikitafuta kitu kilicho mbali na kazi yangu. Kumbe ni kitabu kinachohusu kituo cha utafiti.

Solaris ni sayari yenye majua mawili, moja jekundu na jingine la buluu, na karibu yote imefunikwa na bahari moja ambayo inaelekea kuwa ni kiumbe hai. Kituo cha Lem ni sahani kubwa ya chuma inayoelea juu ya bahari hiyo, kati ya mita 500 na 1500, kwa mitambo inayopingana na mvutano wa sayari. Katikati kina ghorofa nne, pembezoni mbili. Kina maabara, chumba cha redio, jiko, chumba cha baridi na gati la roketi. Madirisha yana vifuniko vya chuma, kwa sababu jua la buluu linaumiza macho. Kuna pia maktaba iliyojaa vitabu ambavyo wanadamu wameandika juu ya bahari ile kwa vizazi kadhaa. Maktaba hiyo iko katikati kabisa ya kituo na haina dirisha hata moja. Kwa hiyo mahali penye maarifa mengi kuliko pote ndipo usipoweza kuiona bahari.

Mwanasaikolojia Kris Kelvin anapofika anakuta mambo yameharibika. Gibarian, mtafiti aliyemfahamu tangu zamani, amejiua. Snaut amelewa na anatetemeka. Sartorius amejifungia maabara, na nyuma ya mlango wake zinasikika hatua za miguu midogo ikikimbia. Taratibu tunaelewa. Watafiti waliipiga bahari kwa mionzi mikali ya eksirei, kinyume na makubaliano yaliyokataza jambo hilo. Baada ya hapo bahari ikaanza kuwaletea watu. Ilichota ndani ya kumbukumbu zao, pale palipofichwa kuliko pote, ikaumba mtu kamili mwenye mwili, damu na sauti. Waliolala peke yao wakaamka na mtu chumbani.

Watafiti wanawaita watu hao wageni.

Neno hilo liliniamsha usingizi. Mgeni wa Kelvin ni Harey, mkewe aliyejiua akiwa na miaka 19 baada ya ugomvi ambao Kelvin aliumaliza kwa kuondoka. Sasa amerudi na umri uleule na alama ya sindano mkononi. Nyayo zake ni laini kama za mtoto mchanga, na gauni lake halina zipu wala vifungo vya kufungulia, lazima likatwe kwa mkasi. Siku ya kwanza Kelvin anamdanganya aingie kwenye roketi, anafunga mlango, anamrusha angani. Harey anarudi tena, hakumbuki kitu. Baadaye Kelvin anaona kwenye kiti magauni mawili yanayofanana, yote mawili yamekatwa kwa mkasi.

Lakini aliyenifanya niweke simu chini ni mgeni mwingine. Kabla hajamwona Harey, Kelvin anakutana kwenye ujia na mwanamke Mweusi, mnene, hana nguo ila sketi ya nyasi za manjano. Lem anamweleza kama mtu anayeeleza kinyago cha makumbusho. Mwanamke anapita bila kumtazama Kelvin, anaingia chumba cha Gibarian. Baadaye Kelvin anakwenda chumba cha baridi kuutazama mwili wa Gibarian, na kando ya maiti anamkuta mwanamke yule amelala katika barafu, yu hai. Kelvin anashtuka, anatoka. Nilisoma mpaka ukurasa wa mwisho, sikuona aliyeuliza jina lake.

Kwanza nilikasirika. Ndivyo Ulaya ilivyotuona, nikajiambia, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Mtu wetu pekee katika kituo kile anatoka katika aibu ya Mzungu, amevikwa nyasi, hana jina wala hasemi. Andrei Tarkovsky alipotengeneza filamu ya kitabu hicho mwaka 1972, mgeni wa Gibarian aligeuzwa kuwa msichana Mzungu. Mwanamke wetu akaondolewa hata pale chumba cha baridi.

Hasira hiyo bado ninayo na naona ina haki. Ila usiku ule haikukaa vizuri. Iliniweka upande wa yule mwanamke, na mchana huo sikuwa upande wake. Nilikuwa Kelvin kwenye ujia. Nilimwona mtu hai, nikaambiwa ni mgeni tu, nikapita.

Kelvin angeweza kujitetea kwa kusema kwamba wale si watu. Sartorius ndivyo anavyofikiri, na maabara inamuunga mkono. Kelvin anaichunguza damu ya Harey kwa hadubini yenye nguvu, na akifika ndani kabisa, pale ambapo atomu zingepaswa kuonekana, haoni kitu. Ni umbo lililosimamishwa kwa chembe za aina nyingine. Kwa swali la Harey ameumbwa na nini, kituo kina jibu. Swali la anadaiwa nini na mwenye kumwona halina chombo cha kulipima. Wakati wanaume wanajadili chembe, Harey mwenyewe anaanza kujua kwamba yeye si yule aliyekufa. Hapati usingizi, anauliza, anaona aibu ya kuwa mzigo. Anakunywa oksijeni ya kimiminika ili afe, lakini mwili unajiponya. Mwishowe anaomba aangamizwe kwa mtambo wa Sartorius, kwa siri, Kelvin akiwa amelala, na anamwachia barua. Sijui kama kiumbe huyo ni mtu kwa kipimo cha maabara. Najua kwamba mwenye kuomba, kuficha na kuandika kwaheri hawezi kurukwa kwa kitufe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zamani niliuelewa msemo huo kama onyo kwa wageni wanaokaa sana. Siku hizi nausikia pia kama ahadi. Jembe ni kazi, lakini ni nafasi vilevile: ukipewa jembe una sehemu yako shambani, na jioni mtu atakuuliza umelima wapi. Bibi yule alikuwa na ungo mkononi. Alikuwa ameshapewa jembe. Aliyekuwa bado anamhesabu kuwa mgeni ni kishikwambi changu, pamoja na mimi.

Utetezi wa pili ni wangu, na hauna uongo. Kanuni ile ina maana. Bibi angehesabiwa Kilwa na pengine kwao pia, takwimu zingeharibika, na takwimu zikiharibika zahanati hujengwa pasipo watu. Sidai kwamba mdodosaji ajaze anachotaka kwa sababu ameguswa. Kanuni ilisema nisimwandike. Haikusema nisimuulize. Saa moja nzima nilikaa hatua tatu kutoka kwake, na hata kishikwambi kilipozimwa sikumwambia, "Bibi, umetoka wapi?" Hilo halikutoka kwenye mradi. Nilijiongezea mwenyewe, kwa sababu kanuni ilinipa mahali pazuri pa kujificha, kama maktaba isiyo na dirisha.

Tangu hapo nimejaribu kuuliza nje ya dodoso, na si rahisi kama inavyosikika. Kuna vijiji vilivyoulizwa mpaka vikachoka. Mama mmoja aliwahi kunijibu kila kitu kwa adabu, kisha akaniambia, "Haya, nimekwambia. Sasa?" Sikuwa na la kusema. Swali linaacha deni, na mimi hulipwa kwa siku, sio kwa madeni ninayoyaacha uani kwa watu. Wale wa Solaris nao waliuliza kwa mionzi wakidhani bahari haiwezi kudai. Ilipodai, iliwauliza juu ya jambo ambalo kila mmoja alikuwa akilificha, na wote wakafunga milango.

Ndiyo maana nadhani haki ya kuuliza inaanzia kwenye utayari wa kuulizwa. Fomu ya ridhaa tunayowasomea watu inasema wanaweza kukataa kujibu swali lolote. Ni kifungu kizuri, nakisoma polepole. Sijawahi kuona kinachosema kwamba na wao wanaweza kuniuliza nikawajibu: mama yangu yuko wapi, mara ya mwisho nilikwenda lini nyumbani, nani huko kwetu ananiita mgeni. Siku hizi, nikimaliza, nazima kishikwambi na kukaa kidogo. Mara nyingine hatusemi kitu. Mara nyingine wanauliza, na hapo ndipo naona jinsi ilivyo kazi kumjibu mtu usiyemjua.

Mwishoni mwa riwaya Kelvin anashuka kwenye ufuko wa bahari ile na kunyoosha mkono. Wimbi linakuja, linauzunguka mkono bila kuugusa, limeacha hewa nyembamba katikati. Anaamua kubaki na kungoja. Wasomaji wengi hupenda sehemu hiyo, na mimi naipenda. Lakini nikiisoma huwa nahesabu hatua kutoka gati la roketi hadi chumba cha baridi. Si nyingi. Zinaweza kuwa tatu tu, kama zile za kutoka kwenye kigoda changu hadi kwenye mkeka wa bibi.