Makunyanzi na Heshima

Msomaji, ukikutana njiani na mtu usiyemjua, huamuaje kuwa anastahili shikamoo yako? Mwaka aliozaliwa huujui, wala cheti chake hukukiona. Watazama uso wake, na kabla hujapiga hatua ya pili hukumu imekwisha kupita. Uso, basi, ni hati ambayo kila apitaye huisoma bila ya kuomba ruhusa, na heshima ya wazee katika nchi yetu imeegemezwa kwa sehemu kubwa juu ya hati hiyo. Je, ni halali mwenye uso kuifuta?

Nauliza kwa sababu siku hizi kuifuta kwawezekana. Mwaka 1964 kilibuniwa chombo kiitwacho leza ya kaboni dayoksaidi, ambacho hutoa mwali mwembamba usioonekana kwa macho. Maji yaliyomo katika ngozi huupokea mwali huo, huchemka ghafula, na tabaka ya juu ya ngozi hutoweka kama mvuke. Katika miaka ya 1990 madaktari walianza kuutumia sana kuondolea makunyanzi: ngozi huunguzwa kwa kipimo, kidonda hupona, na ngozi mpya huota laini kuliko ile ya kwanza. Mwaka 2004 ilitangazwa njia ya upole zaidi, itoboayo vitone vidogo sana na kuacha ngozi nzima baina yake. Hata hivyo kazi hii si mchezo. Ngozi nyeusi huelekea kufanya madoa baada ya kuunguzwa, na fundi asiyeizoea aweza kumwachia mtu waa mahali palipokuwa na kunyanzi.

Wako wasemao kwamba mtu afanyaye hivyo ni mwongo, kwa kuwa ameficha umri wake. Hukumu hiyo naiona ya haraka. Tuvuke maji kutoka mji wa Lamu twende kisiwa cha Manda, tukatazame mambo mawili.

La kwanza liko Maweni, mahali pachimbwapo mawe ya kujengea. Mkata mawe hushinda juani, na weupe wa mawe humrudishia jua usoni mara ya pili. Jua ndilo fundi mkubwa wa makunyanzi. Mtu huyu akifika miaka 40, uso wake waweza kuupita kwa uzee uso wa karani wa miaka 60 aliyefanya kazi kivulini. Ukiwakuta wote wawili gatini, utamwamkia nani kwanza? Hati imesema uwongo, na hapana leza iliyoigusa.

La pili ni magofu ya Takwa, mji uliohamwa katika karne ya 17. Msikiti wake ungaliko, na liko kaburi la nguzo ambalo watu wa Shela walikuwa wakilizuru na kuomba mvua. Kuta za Takwa hutunzwa zisianguke, lakini hapana azipigaye lipu zikawa mpya, maana uzee wake ndio tuufuatao pale. Nyumba ya Lamu ikaliwayo na watu, kinyume chake, hupigwa chokaa kila ichakaapo, na mwenyewe haitwi mdanganyifu. Uso nao ni nyumba ikaliwayo. Bibi zetu walijua hayo waliposugua liwa juu ya msio na kujipaka, na sijasikia mtu aliyewalaumu.

Kwa hiyo mimi simlaumu ajitengenezaye uso kwa hiari yake. Lawama yangu naiweka mahali pengine. Mwanamke akiambiwa kazini kwamba uso wake umechakaa na wageni hawaupendi, au mume akimlinganisha kila siku na wasichana, kisha akaenda kuunguzwa ngozi, hiari iko wapi hapo? Na asiye na fedha za daktari atafanyaje? Ataingia sokoni kutafuta kopo la mafuta lisilo na jina la mtengenezaji, na baadhi ya makopo hayo yameonekana kuwa na zebaki, sumu iharibuyo mafigo. Wewe mwanafunzi, ambaye uso wako bado haujaandikwa kitu, u miongoni mwa watazamaji ambao macho yao humtia mtu hofu hiyo au humwondolea. Ucheko wa darasani juu ya sura ya mpishi mzee si jambo dogo kama udhanivyo.

Neno moja limebaki, nalo ni la haki. Mwenye miaka 65 akijifanya uso wa miaka 40, kisha vijana wakampita kimya, asinung'unike, maana hati waliyoisoma ni ile aliyoiandika mwenyewe. Na mkata mawe wa Maweni akiamkiwa na mtu aliyemzidi miaka 5, na aitikie marahaba pasipo haya. Jua limekwisha kumtoza bei yake.