Kufuli Si Upelelezi

Jumapili moja jioni dada yangu alinipigia simu. "Wewe ndiye unajua mambo ya mtandao. Kuja ufunge hii simu kabla haijaniharibia mtoto." Mtoto mwenyewe ana miaka 12, yuko Gredi ya 7, na simu alipewa kwa sababu walimu hutuma kazi ya nyumbani kwa WhatsApp. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini nyumbani bado ndiye fundi wa kila kitu chenye skrini.

Kazi haikumaliza nusu saa. Niliweka Family Link ya Google, nikaunganisha akaunti yake na ya mamake, nikawasha SafeSearch. Halafu kwenye mipangilio ya mtandao, pale pa DNS ya faragha, nikaandika family.cloudflare-dns.com. DNS ni kama kitabu cha namba za simu: unataja jina la tovuti, nayo inakutafutia anwani. Hii ya familia ukiiuliza anwani ya tovuti ya ngono, inakunyima. Ni bure. Mtoto mjanja anaweza kuizunguka, lakini ukuta mfupi pia ni ukuta.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimefanya jambo jema. Lakini nilifungua historia ya simu, nikaisoma yote.

Ndiyo, kule mamake alikohofia alikuwa amefika. Lakini hakuanzia huko. Alianza na maswali: mbona mwili wake unabadilika, kama ni ugonjwa, kama wavulana wengine wako hivyo. Swali moja likazaa lingine, kiungo kikampeleka kwa kingine, hadi huko. Nikampa dada simu asome. Alisoma kwa sauti, mbele yangu, mtoto akiwa amesimama pale akiangalia sakafu. Wiki kadhaa baadaye alikuwa bado ananisalimia kama mgeni.

Nimefikiria sana siku ile. Nilifanya mambo mawili tofauti, nikayaita yote ulinzi. Kufuli inazuia mlango bila kutaka kujua nani alitaka kuingia na kwa nini. Upelelezi unaingia ndani ya mtu. Ukifunika kisima, hujamtusi mtoto. Ukisoma maswali aliyoona aibu kukuuliza, umemfundisha kwamba wakati mwingine akiuliza, ajifiche vizuri zaidi.

Najua utaniambia: simu nimenunua mimi, bando nalipa mimi. Sawa. Hata nguo zake za ndani ulinunua wewe. Kulipia kitu hakukupi kila kilichomo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na haikuandika "kila mtu mzima." Kifungu cha 53 nacho kinasema maslahi ya mtoto ndiyo yawe mbele kabisa. Mzazi anaishi katikati ya hivyo viwili, na hawezi kuchagua kimoja tu.

Kuna hoja nzito kuliko hiyo ya pesa. Je, kama kuna mtu mzima anamtongoza mtoto kwa meseji? Hapo sibishani: soma. Lakini soma kwa sababu umeona dalili, na mtoto awe alijua tangu siku ya kwanza kwamba siku kama hiyo inaweza kufika. Kupekua kwa sababu tu unaweza, hiyo ni tabia nyingine.

Sisi tulikulia kwa saiba, shilingi moja kwa dakika, skrini zote zimeelekezwa kwa mwenye duka. Yule jamaa hakuwahi kutusomea historia. Alipita tu nyuma yetu, na hiyo ilitosha. Mtoto wa leo yuko peke yake chini ya blanketi, hakuna anayepita. Kwa hiyo kufuli naitetea bado. Shida ni kwamba ikishafunga ile tovuti, swali lililompeleka huko linabaki vilevile, bila jibu.

Mwezi uliopita nilienda nikamwomba msamaha. Nikamwonyesha kila nilichoweka kwenye simu, kinachofunga nini, na mamake anaona nini na haoni nini. Dada alikubali mbele yake kwamba historia hatafungua tena bila kumwambia. Kijana akasema "sawa, Anko," akanyamaza.

Tulikuwa jikoni, nasonga ugali, dada anakata sukuma, ndipo akauliza swali lake moja, la mwili, akiangalia sufuria. Kisu cha dada kikasimama. Nikadhani atafoka. Akaendelea kukata, polepole, na akamjibu. Alipokwama, nikamsaidia. Tulipofika mezani, kijana alikuwa na swali la pili.