Koni Iliyodumbukia Kihengeni

Aliyewahi kuviona vihenge vya chuma vya NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula, pale Makambako analijua umbo lake: mcheduara chini, koni juu. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi alitaka chake kidogo cha bati, kipenyo mita 3, paa liinuke sentimita 30 tu. Hesabu akapewa kijana wa chuo aliyekuwa likizo kwao Njombe.

Umbo la mviringo hivi halina haja ya kuhangaika na x na y. Majira ya nukta ya mcheduara yanatosha: r ni umbali kutoka katikati, theta ni pembe ya kuzunguka, z ni kimo. Paa zima likaingia kwenye mstari mmoja, z = 0.3 − 0.2r. Kijana akafungua Octave, programu ya bure, akaweka theta kuanzia 0 hadi 360. Ukatoka mvurugo wa vipande vinavyopitana, kwa sababu cos na sin za Octave zinataka rediani, si nyuzi. Akarekebisha, 2*pi, koni ikakaa sawa. Kosa la namna hiyo hujitangaza lenyewe.

La pili lilikaa kimya. Octave isipoambiwa vinginevyo hutanua kila mhimili ujaze kisanduku cha picha. Zile sentimita 30 zikavutwa juu, na paa la kulala likaonekana la mwinuko mkali. Amri moja tu, axis equal, baada ya ile ya kuchora, surf, ingelilaza. Hakuiandika. Akachapisha, akapanda basi la Costa kwenda kwa fundi bati.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Duara nimeshakata, nusu kipenyo mita 1.53 kama ulivyosema kwenye simu. Sasa nitoe kipande cha kiasi gani?”

“Fuata picha tu, fundi.”

Fundi akaweka kipimapembe kwenye karatasi, akasoma mwinuko wa nyuzi 45, akatoa kipande kinacholingana nao, cha nyuzi 105. Kilichotakiwa kutoka ni nyuzi 7, maana 360 mara 1.5, gawanya kwa 1.53 ya mteremko wa paa, ni 353. Bati lilipokunjwa na kupigwa ribiti, nusu kipenyo cha chini kikawa mita 1.08 badala ya 1.5. Walipolipandisha likadumbukia ndani ya kihenge.

Fundi simlaumu hata kidogo. Aliambiwa afuate picha, akaifuata.

Bati jipya lilinunuliwa kwa boom la kijana, fedha zake za kujikimu chuoni. Safari hii karatasi aliyompa fundi haikuwa na picha: duara la mita 1.53, toa nyuzi 7, acha nyongeza ya mshono.