Je, Ridhaa Yaweza Kutekwa?

Mnamo Juni 1916 majeshi ya Kibelgiji, yaliyotoka Kongo na kuzivuka Rwanda na Urundi, yaliingia Biharamulo, na Wajerumani wakaliacha boma lao. Na watu wa Runazi na wa nchi ya Wasubi yote, pamoja na Wahangaza wa Bugufi, wakawa raia wa bendera nyingine pasipo mtu yeyote kuwauliza shauri. Miaka mitatu baadaye Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walipatana juu ya mpaka, hata mwaka 1921 Wabelgiji wakawakabidhi Waingereza Biharamulo, nayo Bugufi, ambayo mwami wa Urundi aliihesabu kuwa yake, ikabaki Tanganyika. Basi tuseme alikuwapo Mhangaza aliyewapenda Wabelgiji kwa moyo safi: mapenzi yake yaliwekwa katika mizani gani?

Wako wasemao kwamba jeshi likilipa kila linachokula, likawatibu wagonjwa na kuwastahi wanawake na wazee, litapata ridhaa ya wenyeji. Nasema litapata shukrani, na shukrani si jambo dogo. Walakini ridhaa ni kitu kingine. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa mwambao wetu, mauzo yaliyofanywa kwa kushurutishwa pasipo haki ni batili, ijapokuwa muuzaji ameyatamka maneno yote ya akdi kwa ulimi usiotetereka, kwa kuwa asiyeweza kusema la hakusema naam. Mwenye bunduki hupewa maziwa, hupewa ndizi, huamkiwa kwa adabu, asijue katika hayo lipi ni heshima na lipi ni khofu; na mwenyeji mwenyewe, muda ukipita, pengine hajui.

Sisi wa Kagera twaona uzito kulisema hili juu ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, maana askari wale walikuwa ndugu zetu na vita vyao vilikuwa vya haki: majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Oktoba 1978, yakaikalia nchi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, yakaua, yakapora ng'ombe, yakalivunja daraja la Kyaka. Askari wetu wakavuka mpaka kuyafuata, na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 wenyeji walitoka njiani wakashangilia, nami sioni sababu ya kuishuku furaha ile. Lakini Yusuf Lule, aliyeshika urais wa Uganda baada ya Amin, alipoondolewa madarakani mwezi Juni, watu wa Kampala walioandamana kumtaka arudi wakawakuta mbele yao askari wale wale. Huenda adabu ya askari haikupungua hata kidogo. Ila sasa wenyeji walikuwa wamepata jambo la kulikataa, wala hapakuwa na mlango wa kulipeleka pingamizi lao. Godfrey Binaisa, aliyemfuata Lule, naye aliondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba ukamrudisha madarakani Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, huku wapinzani wake wakidai kura zimeibwa, na wengi wa askari wetu walipovuka mpaka kurudi nyumbani mwaka 1981, vita vya msituni vilikuwa vimekwisha kuanza.