Tusimrithi Abu Jahli

Himdi zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, nauusia moyo wangu kwanza, kisha nawausia nanyi, tumche Mwenyezi Mungu. Na leo tumche katika ulimi. Mshenzi, mshamba, mtu wa pori, wakuja: maneno haya tunayatupiana sokoni, ndani ya daladala, hata barazani mwa msikiti, kisha tunaingia safuni kuswali kana kwamba hatukumdhulumu mtu.

Mola wetu ameshalitolea hukumu jambo hili. Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, amekataza watu kuwadharau wenzao, maana huenda anayedharauliwa ndiye bora. Amekataza kuitana majina ya kejeli, na asiyetubia amemhesabu miongoni mwa madhalimu. Kisha katika aya ya 13 akataja kipimo chake cha utukufu, nacho ni uchamungu. Mji, kabila na lafudhi havimo.

Tazameni dharau ilimfikisha wapi Abu Jahli, kiongozi wa makafiri wa Makka. Katika vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, alipigwa na vijana wa Kiansari, watu wa Madina waliokuwa wakilima mitende. Imo katika Bukhari kwamba, naye anakata roho, alitamani lau angeuawa na mtu asiye mkulima. Hakuilaumu shirki yake, wala hakujutia mateso aliyowapa waumini. Kilichomuuma ni kwamba aliyemwangusha ni mshamba! Basi anayemcheka mwenzake kwa sababu ya jembe lake ajue amemrithi nani.

Nasi watu wa pwani tuna deni letu katika hili. Wenye miji walijiita waungwana, na watu wa bara wakawaita washenzi. Aliyekwisha kuitwa mshenzi hakuonewa huruma alipofungwa mnyororo na kuuzwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na sheria ya kuondoa utumwa ikatoka kule mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Minyororo imekatwa, lakini tusi tumeliacha likiishi. Linasikika hadi leo kwenye vikao vya posa: kijana anaswali, ana tabia njema, ana kazi ya halali, lakini anakataliwa kwa sababu wazee wake ni watu wa bara. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumwoza yule ambaye dini yake na tabia yake zinaturidhisha.

Huenda mtu akasema: mbona wapo watu wasio na adabu kweli? Naam, wapo. Alikuja bedui mmoja akakojoa ndani ya msikiti wa Mtume. Maswahaba wakainuka kumkemea. Mtume akawazuia, akamwacha amalize, akaagiza ndoo ya maji imwagwe pale, kisha akamweleza kwa upole kwamba msikiti ni mahali pa dhikri na swala. Bedui yule aliondoka na elimu, hakuondoka na jina la kuaibishwa. Kinyume chake, Abu Dharri, swahaba mkubwa, alipomtusi mtu kwa mama yake, ni yeye aliyeambiwa na Mtume kwamba bado ana ujahilia ndani yake. Naye aliyapokea makemeo hayo, akaacha kujiona bora kuliko wengine, hata baadaye watu wakamkuta huko Rabadha, yeye na mtumishi wake wamevaa nguo za namna moja.

Ndugu zangu, anayekosea kwa kutojua ana haki ya kufundishwa. Anayemtukana amemnyima haki hiyo, na ujahilia ameubeba yeye mwenyewe. Kwa hiyo tuzichunge ndimi zetu majumbani, kwani watoto hawazaliwi nayo maneno haya, wanayachukua kwetu. Na uliyemwita mshenzi, mtafute umwombe radhi kabla ya Siku ambayo deni litalipwa kwa mema yako.

Ewe Mola wetu, zisafishe ndimi zetu na kiburi, utusamehe tuliowavunjia wenzetu heshima, na utujaalie tupendane kwa ajili yako. Amin.